Goti la Mama na Nyumba Yangu

Mama yangu hakuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo alivyoniambia kwenye simu, hivyo ndivyo alivyowaambia majirani zake wa kisiwa cha Rusinga, na hata siku aliposhushwa garini mbele ya hospitali hapa Migori, goti limefura hadi rinda halishuki vizuri, alimwambia mlinzi wa getini kwamba amekuja tu kumsalimia binti yake.

"Mguu imechoka kidogo," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Mlinzi akanitazama. Mimi nikatazama kwingine, maana ningefungua mdomo pale pale ningesema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema hadharani.

Mimi nafundisha darasa la nne. Nimezoea kusema jambo mara moja, na lisipofanyika nalisema tena kwa sauti nyingine, na mara nyingi hapo huwa limekwisha. Kwa mama yangu utaratibu huo haujawahi kufanya kazi. Yeye hukusikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akakuuliza kama umekula, kisha akafanya alichokuwa amekusudia kufanya tangu mwanzo.

Goti lenyewe lilianza kwa upuuzi. Mama huanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na kazi hiyo hufanywa kwa magoti. Unapiga magoti, unageuza, unatoa makombe na visamaki vingine visivyotakiwa, unasogea mbele, unapiga magoti tena. Siku hiyo mtu alikuwa amepasua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hapo hapo na kuacha mapezi mchangani, na mwiba wa mbuta si kitu cha mchezo. Ulimwingia kando ya goti ukakatikia ndani. Mtu mwingine angeenda zahanati. Mama aliazima wembe, akachokoa mpaka akautoa, akafungua kidonge kimoja cha rangi mbili alichokuwa amekifunga kwenye pindo la leso, ule unga akaumimina kidondani kama anayetia mboga chumvi, akafunga kitambaa na kurudi kwenye omena. Nilichosikia mimi kwenye simu jioni ile ni kwamba jua lilikuwa zuri na omena imekauka.

Goti likafura. Hapo sasa ndipo watu wetu wanaponimaliza nguvu. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na hilo ni jema, sitaki mtu aliseme vibaya mbele yangu. Shida ni kwamba anayekuja kumwona mgonjwa haji kukaa tu na kusema pole. Lazima afanye kitu, la sivyo ataonekana alikuja mikono mitupu. Jirani mmoja alilikanda goti kwa maji moto na kitambaa alichotoka kufutia meza. Shangazi yangu akaona huo si mwiba bali ni jicho la mtu, akachanja chale ndogo ndogo kuzunguka goti na kupaka majivu ya mizizi. Mwenzake wa kanisani akapaka mafuta yaliyoombewa. Mwenye duka la dawa akapita na kumdunga sindano ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa ya nini. Nilipowauliza baadaye, wote waliniambia walinawa mikono baada ya kuligusa lile goti, kwa sababu lilikuwa linanuka. Kabla ya kuligusa hakuna aliyenawa.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwembamba asiye na maneno mengi. Alichoma sindano kando ya goti, akavuta, na kilichotoka sikutaka kukitazama mara mbili. Usaha ukapelekwa maabara, na majibu yaliporudi akaniita nje ya wodi.

"Mwalimu, hii goti iko na bakteria aina tatu," akasema. "Kawaida mimi napata moja. Inaingia, inaharibu, tunaiua, tunamaliza. Hii ya mama ni harambee. Kila mtu amechanga."

Sikucheka. Akanieleza taratibu, na nitasema hili kwa sifa yake, kwamba alinieleza kama mtu mwenye akili. Aina ya kwanza ni ya majini, inakaa kwenye samaki, na bila shaka iliingia na mwiba. Ya pili inaishi juu ya ngozi za watu, haina neno ikiwa nje, lakini ukiisukuma ndani kwa wembe inageuka. Ya tatu ni ya udongo na samadi, haipendi hewa, hujificha kule chini kabisa na kukua polepole. Ndiyo sababu hata maabara ilichelewa kuiona. Sindano aliyoandika ingeua zile mbili. Ile ya tatu haisikii sindano hiyo hata kidogo, nayo ndiyo ilikuwa ya tembe.

"Zote mbili, pamoja, kila siku," akasema. "Akichukua moja na aache nyingine, hatujafanya kitu."

"Na asipopona?"

"Mfupa unaanza kuliwa. Hapo tunaongea mambo ya kukata."

Basi, baada ya usaha kunyonywa mara kadhaa na homa kushuka, daktari akasema mama anaweza kutoka wodini, mradi awe anakuja kudungwa kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Akauliza kama anakaa karibu. Nikasema anakaa kwangu. Nyumba yangu iko mwendo mfupi kutoka pale, hata kwa mtu wa magongo. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisikiliza, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Daktari, mimi hapana lala kwa huyu," akasema. Kisha akanigeukia na kumalizia kwa Kijaluo, "Silali kwa ora."

Ora ni mkwe. Kwetu, mama mzazi halali katika nyumba ambayo mume wa binti yake ameijenga. Anaweza kuja mchana, akapokewa kwa heshima zote, akabeba wajukuu, lakini jua likianza kushuka anaaga. Akilala, inasemekana amevunja mwiko, na mwiko ukivunjwa huja chira, ule mkosi unaomkondesha mtu mpaka aishe, na mara nyingi haumpati aliyekosea bali walio chini yake. Nilikuwa nayajua hayo yote. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtu anaweza kuyasema mbele ya daktari aliyetoka tu kutaja habari ya kukata mguu.

Nikampigia simu mume wangu. Yeye ni dereva wa trekta za miwa kule Awendo, anarudi nyumbani akipata nafasi, na ni mwanamume wa kisasa kwa kila jambo isipokuwa pale usasa unapohitajika.

"Mimi sina shida," akasema. "Mama ni mama. Alale. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Wazee wangu wakisikia?"

"Watasikia kutoka kwa nani?"

"Si unajua watu."

Nikakata simu. Nikarudi kwenye benchi na kuanza upya, kwa ile sauti yangu ya pili.

"Mama, ni nyumba ya matofali. Ina choo ndani. Hutahitaji hata kushuka ngazi."

"Nimeiona. Ni nzuri."

"Utalala na watoto. Chumba chao kiko mbali na chetu."

"Najua."

"Hata mchungaji alisema mambo haya ni ya zamani."

"Na mama mkwe wa mchungaji akija huwa analala wapi?"

Anapokuja hulala kwa mzee wa kanisa, na kanisa zima linajua.

Alirudi Rusinga. Njia yote ile, kupitia Rongo na Homa Bay mpaka Mbita, kisha kuvuka kuingia kisiwani, na goti lililokuwa bado limefungwa bendeji, kwa sababu eti kuna nyumba ambayo hawezi kulala. Nilimfungia dawa zote kwenye mfuko mmoja. Muuguzi wa zahanati ya karibu na kwao alikubali kumdunga. Kila asubuhi kabla ya gwaride nilimpigia simu.

"Umedungwa?"

"Nimedungwa."

"Na tembe?"

"Mm."

Hiyo "mm" ndiyo iliyotuangusha. Zile tembe huacha ladha ya chuma mdomoni. Chai ilimlemea, samaki alimlemea, na mama akaamua kwamba dawa inayomnyima mtu samaki haiwezi kuwa dawa ya goti. Jirani yake alikuwa anaharisha, mama akampa tembe zote. Jirani akapona vizuri sana na kuzisifu zile tembe ufuoni kote. Sindano nayo ikafanya kazi yake, uvimbe ukashuka, homa ikaisha, na mama akanitumia ujumbe wa sauti akisema Mungu ni mwema. Kanisani kwao wakafanya shukrani. Nikiwaambia kwamba alipiga magoti, goti hilo hilo, kwenye sakafu ya udongo, mbele ya watu wote, nawaomba mniamini.

Walimrudisha Migori akitetemeka, amefunikwa blanketi juani. Daktari ni yule yule. Safari hii hakuchoma sindano, alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji, akafungua goti na kuliosha. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kazi ambayo tayari alikuwa ameifanya.

"Ni ile ya tatu," akasema. "Zingine tuliziua, hii tukaiachia goti yote. Nimeosha vile naweza. Imeanza kula ndani, na goti haitakunja tena, hiyo nakuambia mapema. Lakini mguu bado iko. Ikirudi tena, mwalimu, siwezi kuosha tena. Nitakata. Na sitaki kusikia mambo ya kisiwa."

Mume wangu, aliposikia neno kukata, akajirekebisha. Akasema yeye atahamia Awendo, atalala na madereva wenzake mpaka mama apone, ili nyumba ibaki yangu peke yangu. Nilimpelekea mama habari hiyo kwa furaha kabisa. Akacheka, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu arudishwe.

"Na akiwa Awendo," akauliza, "nyumba inakuwa ya nani?"

Siku hiyo nilitoka wodini nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilipita sokoni bila kujua ninakwenda wapi. Nikaingia kwa mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye nimekuwa nikinunua leso kwake kwa miaka mingi. Nilisema nataka leso laini ya mgonjwa, kisha yakanitoka yote, goti, tembe, kisiwa, nyumba ya matofali. Nilisema kama mtu anayemshtaki mtu polisi. Yeye aliendelea kukunja vitambaa mpaka nikamaliza.

"Nyuma hapa nina chumba," akasema. "Naweka marobota tu. Mlete mama yako."

"Hatuwajui. Namaanisha, yeye hawajui ninyi."

"Mlete tu, mwanangu. Sisi si wakwe zake."

Mama alikubali kabla sijamaliza sentensi. Yeye aliyeshindwa kulala kwa binti yake wa kumzaa alilala kwa watu baki, katikati ya marobota ya vitenge, na asubuhi akaniambia kwamba amelala vizuri, kwamba chumba ni safi, na kwamba wenyeji wanaamka mapema kusali kama watu wenye adabu. Ukisimama mlangoni pa chumba hicho unaliona paa la nyumba yangu. Nilimwonyesha. Akasema ni paa zuri.

Tukaanza kazi. Asubuhi namtoa kwa bodaboda kwenda kudungwa, mimi nikishikilia mguu ulionyooka kama nimebeba mwiko wa ugali wa matangani, kisha nakimbilia shuleni. Mchana nakuja kwa ajili ya tembe, jioni tena. Sikumwamini hata mara moja. Nilisimama mbele yake na kusema fungua mdomo, inua ulimi, kama ninavyomfanyia mtoto aliyeficha peremende. Mwenye nyumba aliona sinema hiyo, akaanza kumpa tende moja baada ya kila tembe ili kuikata ile ladha ya chuma, na mama, ambaye hakuwahi kula tende maishani mwake, akazipenda. Wakawa wanaongea, mmoja na Kiswahili cha Mombasa, mwingine na cha kuuzia omena, na wakaelewana kuliko mimi na yeye tulivyokuwa tunaelewana kwa Kijaluo.

Mchana mmoja nilifika nikamkuta sakafuni. Alikuwa ameinuka peke yake kufuata kopo la maji, mguu usiokunja ukamponyoka, na bendeji ilikuwa imelowa damu. Nilimwinua, nikamkalisha, nikaangalia mshono, haukuwa umefumuka. Kisha nikapasuka. Nilimwambia kwamba kwangu kuna kitanda kitupu, kuna wajukuu wanaomlilia, kuna mtu wa kumletea maji. Nilimwambia kwamba amenitembeza mji mzima kama chizi. Nilimwambia kwamba atakatwa mguu kwa sababu ya godoro. Mwenye nyumba alichungulia mlangoni, akaona hali, akarudi dukani.

Mama alingoja nikaishiwa pumzi.

"Mguu ni wangu," akasema. "Wakiukata, wamenikata mimi."

"Na watoto wangu wakikuuliza mguu ulikwenda wapi?"

Alivuta leso akajifunika mapaja, akailainisha kwa mkono.

"Yule wako wa kwanza," akasema, "nilikuja kumwona."

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Hakufikisha mwaka. Sijamtaja humu kwa sababu simtaji popote, na watu wa nyumbani wamejifunza kutomtaja pia. Wakati ule nyumba ilikuwa imeezekwa tu, kuta bado hazijapigwa lipu. Mama alikuja asubuhi kumwona mtoto kama desturi inavyoruhusu, na mchana mvua ikanyesha mpaka maji yakafunika barabara na magari yakasimama. Mume wangu alikuwa Awendo. Mama alikaa sebuleni kwenye kiti mpaka kukapambazuka. Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa siku hiyo. Kwangu ilikuwa mvua tu.

"Nilikaa kwenye kiti," akasema. "Nilisema sitafumba macho. Nikafumba."

"Mama, ilikuwa malaria."

"Ilikuwa malaria."

"Daktari aliandika. Nilikuwepo."

"Hata mimi nilikuwepo, nyathina, mwanangu. Ilikuwa malaria, sikatai. Lakini nililala kwako, na mtoto akafa, na sasa una wawili. Unataka nilale tena, tuone?"

Nilikuwa na majibu. Nimesoma, ninafundisha sayansi, ninajua kabisa kinachoua mtoto na kisichoua. Nilimtazama mwanamke huyu aliyekuwa ameubeba mzigo huo miaka yote hiyo bila kuniambia, akinipigia simu kunieleza habari za jua na omena, na majibu yangu yote hayakunifaa kitu. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sikujua tena ni ya kumkasirikia nani. Nikatoa tembe nikampa. Akaimeza kwa maji, akafungua mdomo na kuinua ulimi bila kuambiwa.

Alizimeza zote mpaka za mwisho. Goti lilipopimwa tena halikuwa na kitu, si ya majini, si ya ngozi, si ya udongo. Daktari alimpa mama mkono na kumwambia kwamba hataki kumwona pale tena. Mguu umebaki, umenyooka kama alivyosema, na omena sasa zinageuzwa na wanawake wengine huku mama akiwaelekeza kutoka kwenye stuli, jambo ambalo naambiwa limewachosha tayari.

Siku ya kuondoka alitaka kuwaaga watoto. Nilimleta kwangu mchana, akakaa barazani, mguu juu ya kiti kingine, na wale wawili wakamzunguka. Walimwonyesha madaftari, wakamwonyesha jino lililong'oka. Mdogo akamwambia bibi yake, "Dana, leo ulale kwetu," na mama akamwambia kwamba omena zake haziwezi kulala peke yao. Mtoto akanigeukia, maana kwa kawaida hapo ndipo mimi huingia na kuanza kubishana kwa niaba yake.

Nilikuwa nimeinuka, natazama upande wa Awendo, ambako mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mama alikuwa bado hajayaona. Nikachukua simu, nikampigia mwenye probox ya abiria nikamwambia aje sasa hivi, asingoje kujaza gari, mvua inakuja.